Mume yuko vitani, mke yuko kwenye foleni ya uhamiaji

Julai 2008, ndoa ilifungwa kwa simu. Bwana harusi, Sajini Michael Ferschke wa kikosi cha Marine cha Marekani, alikuwa Iraki. Bibi harusi, Mjapani, alikuwa kisiwani Okinawa na tayari ana mimba. Mtu wa Mombasa au Unguja hashangai akisikia habari hiyo: vijana wangapi walioko Muscat na Dubai wameozwa kwa wakala, nikaha ikasomwa nyumbani, pilau ikaliwa, na mume hata likizo hajapewa? Mwezi mmoja baadaye, Agosti 10, Ferschke aliuawa.

Jeshi liliitambua ndoa hiyo na kumhesabu mwanamke yule kuwa mjane wa askari wake. Uhamiaji wakakataa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1952 inasema kwamba ndoa iliyofungwa wawili wakiwa mbalimbali haihesabiki mpaka wakutane kimwili baada ya kufungwa. Mtoto wa kiume aliyezaliwa hakuwa ushahidi, kwa sababu mimba ilitangulia ndoa. Ikawa serikali moja, mbele ya cheti kimoja, inatoa majibu mawili. Ilibidi Bunge litunge sheria ya mtu mmoja, Rais Obama akaisaini Desemba 2010, ndipo mama na mtoto wakapata njia ya kwenda kuishi kwa wakwe huko Tennessee.

Kisa hicho kinaonyesha ugonjwa ulipo. Sheria za uhamiaji hupima ndoa kwa kuishi pamoja: chumba kimoja, akaunti moja ya benki, picha za sikukuu, sura mbili mbele ya ofisa mmoja. Jeshi, kwa amri ya serikali hiyohiyo, humchukua mmoja wa wawili hao na kumpeleka asikoweza kufuatwa. Kisha familia inadaiwa ushahidi ambao serikali yenyewe imeuondoa.

Alex Jimenez, askari wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani aliyetoka Lawrence, Massachusetts, alitekwa kusini mwa Baghdad Mei 12, 2007. Mkewe, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, alikuwa ameingia Marekani bila kibali mwaka 2001. Mume alipomwombea makazi ya kudumu, ombi lenyewe ndilo lililowafumbua macho maofisa, na kesi ya kumrudisha kwao ikaanza. Kwa hiyo maelfu ya askari walipokuwa wakimtafuta Jimenez mashambani na kwenye mifereji ya Iraki, wakili wa mkewe alikuwa akihangaikia faili lake nyumbani. Habari ikafika kwenye magazeti, Seneta John Kerry akaingilia kati, na Waziri wa Usalama wa Ndani Michael Chertoff akafungua njia ya mama huyo kupata kadi ya kijani. Mabaki ya Jimenez yalipatikana Julai 2008.

Wengi watasema kisa kiliishia vizuri kwa upande wa karatasi. Swali ni hili: mke ambaye mumewe hakutekwa, hakuandikwa magazetini, na hana seneta wa kumpigia simu, anapitia mlango gani?

Mlango wa kawaida una mtego. Sheria ya mwaka 1996 inasema aliyekaa Marekani bila kibali kwa zaidi ya siku 180 kisha akatoka, harudi kwa miaka mitatu. Aliyezidisha mwaka mmoja, harudi kwa miaka kumi. Na mtu aliyeingia bila kupita mbele ya ofisa wa mpakani, kwa kawaida hawezi kupewa kadi ya kijani akiwa ndani ya nchi hata kama ameolewa na raia. Anaambiwa aende akaombe viza kwao. Akivuka mpaka tu, hesabu ya miaka kumi inaanza. Askari aliyeko vitani hawezi kulea watoto kwa miaka kumi kwa njia ya video.

Novemba 2013 serikali ya Marekani iliandika mwongozo wa kuuzunguka mtego huo. Mke, mume, mtoto au mzazi wa mwanajeshi, kama aliingia bila kibali, anaweza kupewa ruhusa ya kubaki hapohapo alipo, kwa kawaida mwaka mmoja mmoja, na ruhusa hiyo humwezesha kuomba makazi bila kutoka nchini. Ni jambo jema, na Bunge lililitaja kwa heshima katika sheria ya ulinzi ya Desemba 2019. Hata hivyo liliacha uamuzi mikononi mwa maofisa. Ruhusa hubaki kuwa hisani, na mwenye hisani anaweza kubadilisha mawazo.

Aprili 2019 mwanamume mmoja wa Phoenix, Arizona, alikamatwa na kusukumwa hadi Nogales, upande wa Meksiko. Alikuwa mgane: mkewe, askari wa Marekani, aliuawa Afghanistani mwaka 2010, na baadaye yeye akapewa ruhusa ileile ya kubaki. Nyumbani alimwacha binti yao wa miaka 12, raia wa Marekani. Kelele zilipopigwa, akarudishwa ndani ya siku chache. Serikali iliyoweza kukosea hivyo kwa mgane wa shujaa wake, na kujirekebisha haraka hivyo, imeonyesha kwamba tatizo halikuwa ugumu wa sheria peke yake. Hakuna aliyelitazama faili mpaka kamera zilipofika.

Mei 2025 huko Louisiana mke wa mwanajeshi mstaafu wa Marine, mama anayenyonyesha, alikamatwa alipokwenda mwenyewe kwenye miadi ya ombi lake la kadi ya kijani. Kulikuwa na amri ya zamani ya kumwondoa nchini, iliyotolewa mwaka 2018 baada ya mama yake kutofika mahakamani. Aliachiwa mwezi Julai. Kama kufuata utaratibu ndiko kunakomkamatisha mtu, nani atawashauri wengine waufuate?

Hata walioingia kwa viza halali hawasalimiki na vita vya karatasi. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, mgeni hupewa kadi ya masharti ya miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho mume na mke husaini pamoja ombi la kuyaondoa masharti hayo, na kuambatanisha mkataba wa nyumba, bili, na taarifa za benki. Anayelala kambini jangwani hana bili ya umeme. Mwaka 2008 sheria ilirekebishwa ili mwenza anayefuatana na askari kwa amri rasmi, tuseme Ujerumani au Japani, aweze kuapishwa uraia hukohuko. Nafuu hiyo inamfaa aliyefuatana na mumewe. Aliyeachwa Texas kwa sababu mume amepelekwa mahali ambapo familia haziruhusiwi haimgusi.

Jambo hili liko karibu na Waswahili kuliko linavyoonekana. Marekani ilipoanzisha mwishoni mwa 2008 mpango wa kuandikisha jeshini wageni wenye lugha adimu, Kiswahili kiliingia kwenye orodha ya lugha zilizotakiwa, hadi mpango uliposimamishwa mwaka 2016. Uingereza nayo, Novemba 2018, iliwafungulia mlango wa jeshi raia wa Jumuiya ya Madola ambao hawajawahi kuishi kwake, Wakenya wakiwemo. Kijana anaitwa kwa mikono miwili. Mkewe anaitwa kwa masharti: kanuni iliyowafikia wanajeshi mwishoni mwa 2013 ilidai mapato ya pauni 18,600 kwa mwaka ili kumleta mwenza, na pauni 24,800 kama kuna watoto wawili wasio na uraia. Askari mpya hakuwa na mshahara huo. Mwaka 2022 London iliwafutia askari wa kigeni waliotumikia miaka sita ada ya makazi ya kudumu, ambayo wakati huo ilikuwa pauni 2,389. Wake na watoto wakaendelea kulipa.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito. Ndoa za kununua zipo jeshini. Mahakama za Marekani zimewahukumu askari waliooa wageni kwa fedha, huku wakijipatia na posho ya nyumba. Wapo pia wahamiaji wengine waliosubiri miaka mingi kwenye foleni bila mtu wa kuwatetea. Lakini ndoa ya uongo haifichuliwi kwa kumdai mtu saini ya mume aliye vitani. Jeshi lina kumbukumbu za wategemezi, posho, na makazi ya kila askari. Hakuna familia ambayo serikali inaijua zaidi. Uhamiaji wakisoma kumbukumbu hizo, watawakamata matapeli wengi zaidi na kuwasumbua wakweli wachache zaidi.

Marekebisho yanayotakiwa hayahitaji mabilioni. Ruhusa ya kubaki iandikwe kuwa haki ndani ya sheria, isitegemee hisani ya ofisi. Siku za mwisho za maombi zisimame tangu askari anapopokea amri ya kuondoka hadi anaporejea. Na amri yoyote ya kumwondoa nchini mwenza wa mwanajeshi isitekelezwe kabla ofisa mwandamizi hajalisoma faili na kuweka saini yake.

Kabla ya safari ya vitani, askari wa Marekani hupangwa kwenye foleni ya matayarisho. Huchanjwa, meno hukaguliwa, wosia huandikwa, na jina la atakayelipwa bima ya maisha huthibitishwa, mara nyingi jina la mke. Iongezwe meza moja tu kwenye foleni hiyo, ofisa wa uhamiaji akae hapo na mashine ya alama za vidole, na wawili hao wahojiwe na kusaini pamoja asubuhi ileile, kabla basi la kwenda uwanja wa ndege halijaondoka.