Tarakilishi Haimjui Amani

Wasomaji wa Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyotoka mwaka 2012, wanawakumbuka vijana wawili wanaoibeba hadithi hiyo: Amani na Imani. Walimu walioifunza ilipokuwa kitabu teule cha shule za upili wanajua pia kwamba majina hayo hayakutolewa kibahati nasibu. Sasa hebu mwanafunzi apige chapa sura mbili tatu za riwaya hiyo katika tarakilishi, kisha aiamuru programu ya kuchanganua matini imhesabie maneno. Miongoni mwa nomino zitakazopanda juu ya orodha zitakuwamo "amani" na "imani". Programu nyingi za aina hii, zisipoelekezwa vingine, hazitofautishi herufi kubwa na ndogo. Kijana Amani na amani ya nchi ni kitu kimoja kwazo. "Bora" nalo litapanda, maadamu mtawala wa Sokomoko anaitwa Mtemi Nasaba Bora. Mwanafunzi ambaye hakuisoma riwaya ataandika, bila kupepesa macho, kuwa takwimu zimethibitisha kwamba maudhui makuu ya kitabu ni amani, imani na ubora.

Insha ya namna hiyo imewahi kufika mezani pangu, ikiwa imepambwa kwa michoro ya rangi tatu. Sikuitupa. Nilimwita mwenyewe nikamwambia aitumie programu ile ile imwonyeshe kila mahali neno "amani" lilipotokea, pamoja na maneno machache yaliyolitangulia na yaliyolifuata, naye aisome mistari yote na kuitenga mafungu mawili: fungu la kijana na fungu la utulivu. Alasiri nzima ilimwishia hapo. Aliporudi alikuwa na swali ambalo hakuwa nalo asubuhi: mbona mwandishi amempa kijana anayeandamwa na dhuluma jina la kitu ambacho nchi yake imekikosa? Hilo ndilo swali la fasihi. Mashine haikuliuliza, ila ilimfikisha mahali linapoulizwa.

Nayasema haya kwa sababu mjadala umepamba moto miongoni mwa walimu wenzangu hapa Ruring'u, na nina hakika si hapa Nyeri pekee. Wapo wanaotaka vifaa hivi vipigwe marufuku, wakisema kwamba tumeshachoshwa na miongozo inayosomwa badala ya vitabu, seuze mashine. Wapo, kwa upande wa pili, vijana wanaoamini kwamba kilichohesabiwa kimethibitishwa. Mimi ni mwanaisimu, na siko upande wowote kati ya hizo mbili. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba tumevipokea vifaa vilivyoundwa kwa lugha nyingine, tukaanza kuvitumia kabla ya kuvifunza Kiswahili.

Kuhesabu maneno ya mwandishi si uzushi wa jana. Mwaka 1949 padre Mjesuiti wa Italia, Roberto Busa, aliishawishi kampuni ya IBM imsaidie kuorodhesha kila neno katika maandishi ya Mtakatifu Thomas Aquinas; kazi hiyo ilichukua takriban miaka 30 na kujaza majuzuu 56. Mwaka 1987 John Burrows wa Australia alitoa kitabu kuhusu riwaya za Jane Austen, akaonyesha kwamba hata yale maneno madogo madogo ambayo msomaji huyaruka huwatenganisha wahusika: kila mmoja ana kipimo chake cha kuyatumia anapozungumza. Leo mwanafunzi anaweza kupata programu ya AntConc, iliyoundwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda nchini Japani, bila kulipa senti. Akishaipakua haihitaji tena intaneti, jambo ambalo si dogo katika shule zetu. Je, Mtemi Nasaba Bora anasema kama Amani? Je, Mwalimu Majisifu ana maneno yake ya kupenda? Hayo ni maswali ambayo kidato cha tatu kinaweza kuyajibu kwa ushahidi badala ya kukariri.

Lakini hapo ndipo sarufi yetu inapodai haki yake. Programu hizi hutambua neno kwa nafasi iliyo kabla na baada yake. Kwa Kiingereza njia hiyo inatosha kwa kiasi kikubwa. Kwa Kiswahili inapotosha. Chukua kitenzi kimoja tu, penda. Kitie nafsi 6 na nyakati 4 za -na-, -li-, -ta- na -me-: umepata maumbo 24. Kanusha yote, yanakuwa 48. Bado hatujatia yambwa, wala urejeshi, wala kauli ya kutendwa. Mashine itayaona kuwa maneno 48 tofauti, nawe utasifu wingi wa msamiati wa mwandishi ilhali amerudia kitenzi kimoja.

Madhara yake yanaonekana ukilinganisha vitabu viwili vya mwandishi yule yule. Siku Njema ya mwaka 1996 inasimuliwa na Kongowea Mswahili mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Kidagaa Kimemwozea ina msimulizi wa nafsi ya tatu. Kitabu cha kwanza kinasonga mbele kwa "nilikwenda", "nikamwambia". Cha pili kwa "alikwenda", "akamwambia". Mashine isiyojua kuvunja neno itatangaza kwamba katika miaka 16 Walibora alibadilisha vitenzi vyake karibu vyote. Kilichobadilika ni kiambishi kimoja mwanzoni mwa neno. Mtafiti anayetaka kujua kama mtindo ulikua au ulipungua lazima kwanza alirudishe kila umbo kwenye mzizi wake, kisha ndipo ahesabu.

Suala la nani hasa ameandika nini lina uzito zaidi, na riwaya hii hii inatupa mfano. Wasomaji wake wanakumbuka kwamba mswada wa Amani ulichapishwa kwa jina la Majisifu. Katika maisha halisi, mwezi Julai 2013 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilifichua kwamba Robert Galbraith, mwandishi wa The Cuckoo's Calling, alikuwa J. K. Rowling. Gazeti lilikuwa limekwisha kudokezewa; likawaomba wataalamu wawili, Patrick Juola wa Marekani na Peter Millican wa Oxford, wailinganishe riwaya hiyo na maandishi ya Rowling na ya waandishi wengine. Matokeo hayakuwa ushahidi wa kumtia mtu hatiani, ila yaliongeza uzito wa swali, naye Rowling akakiri.

Je, Amani angeweza kusaidiwa hivyo? Kwa Kiingereza wataalamu hupenda kupima maneno madogo ya kisarufi, kwa kuwa mwandishi huyatumia bila kufikiri. Ukiyatafuta ya kwetu utakutana kwanza na wa, ya, la, cha, vya, za. Haya hayachaguliwi na mwandishi, yanachaguliwa na nomino iliyotangulia. Anayesimulia habari za watu atakuwa na "wa" tele. Anayesimulia vyombo na vyumba atakuwa na "vya". Ukiyapima umepima mada, wala hujamgusa mwandishi. Hata "na" ina kazi nyingi: inaunganisha, inamtaja mtenda katika "alipigwa na", tena inaonyesha umiliki katika "ana". Mizani ya haki ingekuwa maneno yasiyofuata ngeli: lakini, bali, ila, ingawa, hata, basi, tu, kwani. Kuna mwandishi wa "lakini" na kuna mwandishi wa "ila", na mara nyingi mwenyewe hajijui. Majisifu angeweza kubadilisha jina kwenye jalada. Sidhani angekumbuka kubadilisha "ila" zote.

Kazi ya kuifunza mashine mofolojia ya Kiswahili ilianza zamani. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliianza mwaka 1985, na hazina ya matini iliyotokana na juhudi hizo, Koposi ya Kiswahili ya Helsinki, imefikia takriban maneno milioni 25, kila moja likiwa limechanganuliwa mzizi na viambishi. Namshukuru kwa dhati. Hata hivyo inaniuma kidogo kwamba mwanafunzi wa Nyeri anayetaka kuona "ila" zikitumika katika maelfu ya sentensi zilizochanganuliwa lazima abishe hodi Ufini.

Kikwazo kinachotajwa kila mara ni hakimiliki, nacho ni cha kweli. Sheria ya Kenya hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Walibora alituacha mwaka 2020. Vitabu vyake vinalindwa hadi mwisho wa 2070. Mwalimu anayevipiga picha na kuvisambaza kwa simu anamwibia mwandishi, hata nia yake iwe njema namna gani. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti na uhakiki. Riwaya za siku hizi hupangwa kwa tarakilishi kabla ya kupigwa chapa, kwa hivyo faili zake ziko kwa wachapishaji. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu zinaweza kuafikiana nao kwa mkataba: faili zisitoke maabarani, na mwanafunzi aonyeshwe mistari ya ushahidi anayoitafuta, si kitabu kizima.

Vitabu vya zamani vitahitaji mikono. P. M. Kareithi alitoa Kaburi bila Msalaba mwaka 1969, riwaya ya Kiswahili kuhusu vita vya Mau Mau. Wangapi kati ya wanafunzi wetu wameishika? Kwa idhini ya wenye haki, kitabu cha namna hiyo kinaweza kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kisha kikasomwa na kusahihishwa na watu, kwa sababu mashine za kusoma picha huvuruga maneno yetu marefu. Ningependa kazi hiyo ianzie hapa. Uwanja wa Ruring'u, ambamo wapiganaji waliotoka msituni walisalimisha silaha mwaka 1963, uko hatua chache kutoka kwa baadhi ya madarasa yetu, na kuna swali moja ambalo ningewapa wanafunzi siku ya kwanza: watu wale wanaitwaje katika riwaya hiyo, wapiganaji, magaidi au watu wa msituni? Neno gani, kinywani mwa mhusika yupi, na katika sura zipi?