"NIMESHEA TU, SHEIKH"

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu, kuna kineno kidogo kimeingia vinywani mwetu na sasa kimekuwa kama udhuru wa kisheria. Kineno chenyewe ni "tu". Nimeshea tu. Nimeweka status tu. Nimewaambia washikaji tu. Kijana anaweka wimbo wa matusi kwenye status, ukimuuliza anakujibu, "Nimeshea tu, sheikh, kwani nimeimba mimi?" Mwingine anaisifia simu ambayo hajawahi kuishika. Mwingine anarekodi sahani ya wali wa mama lishe na kuitangaza mji mzima kuwa ni mbovu. Wote wana "tu" mfukoni, wakidhani siku ya hesabu wataitoa kama kitambulisho na kupita.

Surat Qaf imetufundisha kwamba hakuna neno analotamka mja ila pembeni yake yupo mwangalizi aliye tayari. Status inafutika baada ya saa 24. Je, umeambiwa na daftari la malaika nalo linafutika baada ya saa 24?

Najua jibu linalokuja. "Sheikh, unaingiza dini kwenye kila kitu. Mtu akipenda chipsi za mahali fulani nayo ni fatwa?" Hapana. Sikiliza vizuri, maana wengi mnatusingizia hapa. Dini haikuingilia kinachokufurahisha katika halali. Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya mburukenge wa jangwani akaacha kuila, akaeleza kwamba mnyama yule hakuwa wa nchi ya watu wake, nafsi yake haimtaki. Khalid bin Walid (r.a.) akamvuta akala, na Mtume anamtazama. Hakumkataza. Huyo ni Mtume, hakipendi chakula, na swahaba wake anakila palepale! Na Anas (r.a.) amesimulia kuwa mshonaji mmoja alimwalika Mtume (s.a.w.) chakula, naye Anas akamwona anatafutatafuta vipande vya mung'unye kwenye sahani. Tangu siku ile Anas akaupenda mung'unye. Hakuambiwa neno hata moja, aliona tu anachokipenda mtu anayempenda.

Kwa hiyo sina ugomvi na kumwambia mwenzako, "Nenda pale kona, urojo wao mzuri." Huo ni wema. Anayemwelekeza mwenzake kwenye jambo la kheri ana ujira kama wa mtendaji, hilo limethibiti katika Sahih Muslim. Ugomvi wangu ni na watu waliochukua uaminifu wa Waislamu wenzao wakaugeuza biashara au mchezo, halafu wakajificha nyuma ya "tu".

Nianze na simu, maana hapo watu wanalia machozi.

Kijana mmoja anayeswali hapa kwetu, dereva wa bodaboda, alidunduliza fedha miezi kadhaa akafikisha 350,000. Alitaka simu ya kumsaidia kupokea wateja kwenye programu. Akamuuliza rafiki yake wa msikitini, swafu moja, bega kwa bega. Rafiki akamwambia, "Chukua hii usiulize mara mbili, nenda duka fulani Kariakoo, waambie nimekutuma mimi." Kijana akaenda, akachukua. Wiki ya saba betri ikawa haivuki saa tano za asubuhi. Fundi alipoifungua akasema hii ilishafunguliwa zamani, imebadilishwa kioo na betri, ikatiwa kwenye boksi jipya.

Kesi ikaletwa kwangu baada ya Isha. Nikamuuliza yule rafiki, "Wewe umewahi kuitumia simu ya aina hiyo?" Hapana. "Ulijuaje kuwa ni nzuri?" Aliona watu wanaisifia. "Dukani ulipewa chochote?" Kimya. Mwisho akasema alipewa 20,000. Kisha akatoa silaha yake: "Lakini sheikh, mimi nilimshea tu."

Ndugu yangu, hebu tulipime jambo hili kwa sheria. Je, dalali ni haramu? Si haramu. Imam Bukhari ameweka mlango mzima juu ya ujira wa dalali, akawataja wanazuoni wa mwanzo kama Ibn Sirin, Ataa na Hasan kwamba hawakuona ubaya. Lau kijana yule angesema, "Pale dukani wananipa kitu kidogo nikiwapelekea mteja, na simu yenyewe sijaitumia, amua mwenyewe," asingekuwa na deni kwa mtu. Fedha ile ingekuwa halali yake. Kilichoiharibu ni koti la urafiki alilolivaa wakati anafanya kazi ya dalali. Mwenzake alimuuliza ndugu, akajibiwa na muuzaji.

Mtume (s.a.w.) amekataza najshi. Wengi tunaijua najshi ya mnadani, mtu anapandisha bei na hataki kununua, ili mwingine aingie mkenge. Lakini Ibn al-Athir, mfasiri wa maneno magumu ya hadithi, ameingiza humo hata kuisifia bidhaa ili itoke. Sasa tazama mitandaoni. Mtu ana wafuasi wengi, analipwa, anashika sabuni mkononi na kusema, "Mimi na familia yangu hatutumii nyingine." Nyumbani kwake anaogea nyingine! Vijana mnawaita machawa, sisi madrasani tulifundishwa jina lake la zamani.

Na hadithi ya mfanyabiashara wa nafaka mnaijua. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha ikaja kauli nzito kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Zingatia: yule bwana hakusema uongo. Nafaka ilikuwa nafaka kweli. Kosa lake ni kuweka kavu juu na mbichi chini. Na anayeisifia kamera ya simu huku akijua betri yake haifai, ameweka kavu juu.

Nilimwamuru airudishe ile 20,000 kwa mwenzake, wakasuluhishana, alhamdulillahi. Duka lina hukumu yake: mnunuzi akikuta aibu iliyokuwepo kabla ya kununua naye hakuijua, ana khiyari ya kurudisha, na kwa madhehebu yetu ya Kishafii arudishe mara tu anapoigundua, asikae nayo.

Nawe unayetaka kununua usiache akili yako mlangoni kwa kuwa umeambiwa na mwenye kanzu. Bonyeza *#06#, utaona tarakimu 15, zitume kwenda namba 15090, utajibiwa simu hiyo imesajiliwa kwa kampuni gani na toleo gani. Tarehe 16 Juni 2016 TCRA walipozima simu bandia, watu wangapi walibaki na vipande vya plastiki mkononi? Wengi wao walinunua kwa kuambiwa na rafiki. Kipimo hiki hakitakuonyesha kama simu ilifunguliwa na kubadilishwa vifaa, kwa hilo nenda na fundi. Kitakuonyesha jina la kwenye boksi kama ndilo.

Tuje kwenye chakula. Hapa nitasema na dada zangu pia, ingawa wanaume wamewapita siku hizi.

Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia dosari chakula. Akikitaka alikula, asipokitaka alikiacha. Na siku moja nyumbani kwake hakukuwa na kitoweo ila siki, akaitaka hiyohiyo siki, akala huku akiisifia. Tazama adabu hii! Alisifia kitu duni kilichopo. Sisi tunakwenda kwa mama anayeamka saa tisa usiku kukanda unga wa chapati, ana watoto watatu wanasoma kwa sufuria ile, tunakuta jiwe moja kwenye wali, simu inatoka mfukoni. "Jamani, msije hapa." Watu elfu moja wanacheka. Kesho yake mama anarudi na sufuria imejaa. Wewe umeshasahau, umehamia kwenye jambo jingine.

Utasema, "Lakini ni kweli jiwe lilikuwepo." Kweli lilikuwepo, na ghiba hiyo ndiyo maana yake: kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia, nalo analo. Lingekuwa halipo, ungekuwa umemzulia, na hilo ni kubwa zaidi. Mwite pembeni. Mwambie, "Mama, mchele wa leo haukuchambuliwa vizuri." Atakushukuru.

Hata hivyo msije mkanielewa kwamba nyama iliyooza ifichwe kwa jina la sitara. Hapana. Imam Nawawi ametaja mahali sita ambapo kumsema mtu nyuma yake kunaruhusiwa, na pamoja nayo ni kuwatahadharisha Waislamu na shari, na kumnasihi anayetaka ushauri. Watu wakiharisha kwa chakula cha mahali, mwenye mahali akaambiwa na asijali, sema. Waambie na maafisa afya. Hapo kunyamaza ndiyo khiyana.

Na anayekuuliza mwambie kwa ukamilifu. Fatma binti Qays (r.a.) aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaenda kumshauri Mtume (s.a.w.). Hakujibiwa kwa kuzungukazunguka. Aliambiwa huyu hana mali, na yule fimbo haishuki begani mwake, akaelekezwa kwa Usama bin Zayd. Yeye mwanzo hakupenda, baadaye akaona kheri ndani yake. Watu wawili watukufu, maswahaba, wametajwa kasoro zao kwa sababu mwanamke anaingiza maisha yake humo. Mwenye kushauriwa ameaminiwa. Sisi tukiulizwa habari ya mposaji tunasema "ni mtu poa", tukiulizwa habari ya duka la shemeji tunasema "nenda tu".

Muziki sasa. Msimamo wangu mnaujua na sitaurudia wote. Masheikh wetu wa Kishafii wameharamisha ala nyingi za muziki, na najua kina Ibn Hazm waliona vingine, basi usinitumie majina yao usiku wa manane. Leo swali langu ni jingine. Ukisikiliza peke yako chumbani, hiyo ni baina yako na Mola wako, na mlango wa toba uko wazi. Ukiuweka kwenye status na kuandika "huu mnyama, usikose", umepanda mnara ukaadhini. Namba 400 kwenye simu yako: yumo mdogo wako wa darasa la sita, yumo mama mkwe, yumo kijana aliyeacha mambo hayo mwaka jana kwa taabu kubwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kuanzisha mwendo mbaya hubeba dhambi yake na dhambi za wanaomfuata, bila wao kupunguziwa kitu. Wewe umetubu Ijumaa, wimbo uliousambaza bado unazunguka kwenye simu za watu. Hao utawafuata wapi? Hata anayesema wimbo ni halali hawezi kunitetea matusi ya wazi ya baadhi ya singeli zinazopigwa kwenye daladala saa moja asubuhi na wanafunzi wamejaa ndani.

Sizoni za Kikorea nazo, mtu anashauri wenzake vipande kumi na sita usiku mmoja, Alfajiri nyumba nzima imelala. Nilitosheka kuliona hilo Ramadhani.

Na mkeka! Zamani ukisema mkeka tulijua wa kuswalia. Leo mtu anatoka msikitini, anafungua simu, anatuma kodi ya mkeka kwenye kundi la familia: "Leo huu hauchaniki." Kamari imewekwa pamoja na ulevi na masanamu katika Surat al-Maida, aya ya 90. Na wewe hukucheza peke yako, umemgawia shemeji, binamu na mlinzi wa geti. Mkeka ukichanika, 5,000 ya mlinzi, hela ya unga wa watoto wake, ni nani aliyemwelekeza pa kuitupa? Utasema ulishea tu?

Kama umelipwa, andika umelipwa. Kama hujatumia, sema sijatumia. Kama uliisifia kitu kisha ukagundua ni kibovu, rudi palepale ulipokisifia, kwa watu walewale, useme, wala usikifute kimyakimya. Na ukiulizwa usichokijua, Surat al-Israa imetukataza kufuata tusichokuwa na elimu nacho. Neno "sijui" halina gharama ya bando.

Wallahu aalam.

Darsa ya Alhamisi baada ya Maghribi iko palepale, tunaendelea na mlango wa khiyari katika biashara. Na yule kijana wa bodaboda anarudi Kariakoo Jumamosi kudai haki yake dukani. Anahitaji watu wazima wawili wa kumsindikiza, wanaojua kuongea bila kugombana. Mwenye nafasi tuonane baada ya Alfajiri.