Ujira wa Mkandaji

Kuna ombi moja dogo ambalo husemwa kwa kicheko, na kwa sababu ya kicheko chake hupita bila kukemewa. Mtu akikutana na mkandaji harusini, matangani au njiani, humgeuzia bega na kumwambia, "Nikande hapa kidogo tu, dada yangu." Mtu huyo huyo hamwambii fundi wa nguo, "Nishonee suruali kidogo tu," wala hamwendei mwenye duka akataka kibaba cha sukari kwa sababu wanajuana. Mkandaji peke yake ndiye aombwaye kazi yake kama watu waombavyo maji ya kunywa. Nasema kwamba ombi hilo ni dhuluma, hata likisemwa kwa upole, na nakusihi, msomaji, unisikilize kabla hujanihukumu kuwa mtu mwenye choyo.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Kukanda si kupapasa. Mkandaji huinama saa nzima, akiupitisha uzito wa mwili wake mabegani, kisha viganjani, mpaka kwenye vidole gumba. Kwa ncha za vidole hutafuta mahali ambapo msuli umekaza, akaulegeza bila kuutia jeraha, akaufuata mpaka kwenye chanzo cha maumivu, ambacho aghalabu hakipo pale panapouma. Tena yampasa ajue wakati wa kukataa. Mguu uliovimba ghafula, wenye joto na maumivu katika shavu lake, waweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa. Ukichuliwa mguu huo, bonge lile laweza kung'oka, likasafiri mpaka mapafuni, likamwua mtu. Mkandaji asiyelijua jambo hili ni hatari kwa watu. Na alijuaye hakulipata bure, maana alilisomea au alikaa miaka chini ya mwalimu. Vidole gumba vyake ndivyo jembe lake, na jembe hilo likilika halina duka ambako hununuliwa jipya.

"Lakini mikono ni yake," hujibu mwombaji, "na mafuta ni kijiko kimoja. Amepungukiwa nini?" Amepungukiwa nguvu, na nguvu za siku moja zina kipimo chake. Hakuna mkandaji awezaye kuwakanda watu ishirini tangu asubuhi hadi jioni, akaamka kesho akawakanda wengine ishirini. Kwa hiyo kila bega la bure hukaa mahali pa bega la kulipiwa. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Katika mtaa niliopanga chumba wakati nilipokuwa chuo cha ualimu, aliishi mama mmoja mkandaji. Kila jioni baraza lake lilijaa watu: mwenye shingo, mwenye kiuno, kijana aliyeteguka kifundo katika kandanda. Walimwita mama yetu, wakampa asante, wakaenda zao. Baadaye mikono yake ilianza kufa ganzi usiku, hata kushika kisu cha kumenyea viazi kukamshinda, na wakati ule ule karo ya bintiye ikawa yadaiwa. Waliokuja na kitu mkononi walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa muuza maziwa, ambaye hakupata kukandwa naye hata siku moja. Wale wa barazani walikuwa wamekwisha mpata mkandaji mwingine mtaa wa pili.

Husemwa pia kwamba uponyaji ni kipaji cha Mungu, na kwamba wazee wetu walikanda bila kudai malipo. Hoja hii hupendwa sana, na wenye kuitoa hukunja uso kana kwamba wanalinda jambo takatifu. Yafaa basi tuwachungue wazee wetu vema. Katika pwani yetu, mwanamke aliyejifungua hutunzwa kwa siku arobaini. Mkunga au mama mwenye ujuzi humkanda kwa maji ya moto, humchua kwa mafuta na kumfunga tumbo ili viungo virudi mahali pake. Ni kweli kwamba mama huyo hakubandika bei mlangoni. Lakini alikula katika nyumba ile, na alipomaliza kazi yake aliondoka na ada: doti ya leso, sabuni, sukari, na fedha kwa kadiri ya uwezo wa wenyeji. Nyumba iliyomtoa mikono mitupu ilijiaibisha mbele ya majirani. Mkono mtupu haulambwi. Hayo ni maneno ya wazee hao hao. Kwa hiyo mtu awatajaye wazee ili apate kutolipa amechukua nusu ya desturi inayompendeza, akaiacha nusu ambayo ingemgharimu.

Wako wengine ambao hawamtaji Mungu wala wazee, bali hutaja sifa. Nchi yetu ni nchi ya wakimbiaji. Katika Iten na Kaptagat kuchua misuli ni sehemu ya mazoezi kama kulala na kula. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 huko Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, kwa muda wa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, nyuma yake walikuwako watu ambao kazi yao ilikuwa kuitunza misuli ile. Hapana mtu aliyewaona kuwa wapita njia. Lakini tazama mambo yalivyo katika baadhi ya mbio ndogo za mijini. Mwenye mahema hulipwa, mwenye vipaza sauti hulipwa, mpishi hulipwa, hata aliyechapa fulana hulipwa kabla jua halijachomoza. Mkandaji kijana huambiwa, "Njoo ukande bure, utajulikana." Atajulikana kwa nini? Atajulikana kuwa hukanda bure, na mwaka ujao ataitwa tena kwa sababu hiyo hiyo. Sikatai kwamba mfanyabiashara mpya aweza kuwaonjesha watu bidhaa yake. Muuza maandazi hukata andazi moja vipande vinne, akawaonjesha wanne, akarudi kwenye sinia lake. Hawapi sinia zima.

Fauka ya hayo, abureshaye kazi yake huipunguza bei ya kazi ya mwenzake, na mwenzake huyo huenda hana kazi nyingine. Katika Japani ya karne ya 17, kipofu mmoja aitwaye Sugiyama Waichi alianzisha shule za kuwafunza vipofu wenziwe kuchua mwili na kutibu kwa sindano, na kazi hiyo ikawa riziki ya watu wengi wasioona, ambao bila hiyo wangeomba njiani. Korea ya Kusini ilikwenda mbali zaidi: kibali cha kukanda kilikuwa cha wasioona peke yao. Mwezi wa Mei mwaka 2006, mahakama ya katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba kanuni hiyo huwanyima watu wengine haki ya kuchagua kazi. Vipofu wa Seoul hawakunyamaza. Walipanda kwenye daraja la mto Han, na wengine wakajitupa majini. Mwaka ule ule bunge liliirudisha haki yao katika sheria, na mwaka 2008 mahakama ile ile iliikubali.

Waweza kusema kwamba sheria ile ilikuwa ngumu kwa wale waonao, nami sitakupinga. Ninachotaka ukione ni kwamba watu wale walipigania mkate wao kwa mikono yao wenyewe. Sasa mfikirie mtu mwenye macho mawili, mwenye mshahara mahali pengine, ambaye kwa kupenda kusifiwa aweka kiti chake mlangoni mwa kipofu, akatangaza kwamba yeye hukanda bure. Tutamwita mkarimu? Ukarimu wake waliwa na nani, na walipwa na nani?

Yamkini utaniuliza kama nataka kuifuta hisani duniani. La hasha. Mkandaji akimwona ajuza asiye na mtu, au jirani aliyekesha kwa mgonjwa siku saba, akataka kumkanda bila malipo, hiyo ni sadaka yake, na thawabu yake ni yake. Lakini sadaka hutoka kwa mtoaji, haitozwi na mpokeaji, wala haikumbushwi kwa maneno ya kejeli kama vile, "Umekuwa mtu wa fedha siku hizi." Maneno hayo nimeyasikia yakisemwa na watu wenye simu za thamani mifukoni, ambao wangeweza kutuma malipo kabla mkandaji hajafuta mafuta mikononi.

Yasalia swali la maskini, nalo ndilo la pekee lenye uzito. Mchukuzi wa mizigo bandarini huumwa na mgongo kuliko tajiri, na hana cha kulipa. Je, aachwe? Asiachwe. Lakini bure kwa mgonjwa ni jambo moja, na bure kutoka kwa mfanyakazi ni jambo jingine, na watu wengi huyachanganya, baadhi yao kwa kusudi. Mwezi wa Juni mwaka 2013 serikali ya Kenya iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Mama hakutakiwa kulipa. Je, mkunga wa hospitali aliambiwa azalishe kwa huruma, arudi nyumbani bila mshahara? Hakuambiwa hivyo, na kama angeambiwa, wewe na mimi tungekuwa wa kwanza kupiga kelele. Kaunti inayotaka wachukuzi na wazee wake wakandwe bila malipo na ifuate njia hiyo: iwaajiri wakandaji waliohitimu, iwalipe kila mwisho wa mwezi, kisha iufungue mlango kwa kila mwenye mgongo unaouma.