Weusi wa Wino, Weupe wa Karatasi

KUTOKA MTEREMKONI
Na Elinami Temba

Taifa letu limejua kuwaenzi wachongaji wake wa mpingo na wachoraji wake wa Tingatinga, ambao kazi zao hununuliwa na wageni kwa fedha nyingi na kutundikwa katika kumbi za Ulaya. Lakini wale waliotuchorea katuni kwa wino mweusi katika magazeti ya miaka ya sabini, ambao kazi zao tulizinunua sisi wenyewe kwa senti zetu na kuzisoma kwa kupokezana kutoka Rombo hadi Machame, hatujawatunukia hata robo ya heshima hiyo. Naona asili ya dharau hii ni dhana moja iliyotuingia pasipo kuhojiwa, kwamba picha isiyo na rangi ni picha pungufu, mwana wa umaskini, ambayo ingalitiwa rangi lau fedha zingalikuwapo. Dhana hiyo si ya haki.

Umaskini ulikuwapo, hilo sikatai. Karatasi za magazeti zilitoka ng'ambo kwa fedha za kigeni, kwani kiwanda chetu cha Mgololo, kule Mufindi, hakikuanza kazi hadi mwaka 1985, na bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, kila kilichopita baharini kilipanda nayo. Lakini sharti la mtambo lilikuwa kali kuliko sharti la mfuko. Mchoro ulipigwa picha ukahamishiwa katika bamba la madini, na bamba hilo, ukiacha hila ya vitone iliyotumiwa kwa picha za kamera, halikujua kijivu: penye mstari palishika wino, pasipo mstari palibaki patupu. Fauka ya hayo, karatasi ya gazeti hunywa wino na kuutanua, hata mistari miwili iliyosogeleana mno huungana ikawa doa. Kwa hiyo mchoraji aliyetaka kivuli cha mgomba alilazimika kukifanya kwa mistari, akipima kwa jicho nafasi kati ya mmoja na mwenziwe, ilhali akijua kwamba kilichompendeza mezani pake huenda kikaharibika mtamboni usiku uleule.

Chukua mfano wa mlima huu wa Kilimanjaro unaotutazama. Sam Ntiro, mwana wa Machame aliyezaliwa mwaka 1923 na baadaye kufundisha sanaa Makerere, aliipaka nchi hii ya migomba kwa rangi, na kila alipohitaji weupe alikuwa nao tayari ubaoni. Mchora katuni hana wino mweupe. Akitaka theluji ya Kibo haichori kamwe. Hulitia anga wino, huutia msitu wino, huupiga Mawenzi kwa mapigo makavu ya burashi, na pale asipopagusa ndipo theluji inapotokea. Weupe ule ni karatasi yenyewe, ile ile ya bei rahisi tuliyofungia sukari, nao umekuwa barafu kwa sababu mtu mwenye akili alijua mahali pa kuuzuia mkono wake.

Bingwa wa elimu hiyo kwetu alikuwa Christian Gregory, aliyemleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Yafaa kukumbuka kwamba Uhuru lilikuwa gazeti la chama, lenye kurasa zilizojaa hotuba na maagizo, na katikati ya maneno hayo mazito akatokea mtu huyu wa kawaida, mwenye tamaa zake na ujinga wake na ujanja wake, akiyaishi maagizo hayo kama watu wayaishivyo hasa. Na ndiyo miaka ambayo taifa zima lilikaa darasani: 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu kwa vikundi kuisikiliza redio na kusoma vijitabu. Mzee aliyekuwa ndiyo kwanza anaunganisha silabi aliusoma mchoro kwanza, akaufahamu, kisha maneno yakamfungukia. Na mtu wa namna hiyo humhudumii kwa mchoro uliosongamana. Ule uchache wa mistari ulikuwa adabu kwa msomaji.

Katika nyumba moja ya zamani kule Mbokomu, ambayo mbao za kuta zake zilibandikwa magazeti kuzuia upepo wa baridi, niliruhusiwa kukitazama kwa kioo cha kukuzia kichoro kimoja kilichosalia, ambacho ukingo wake wenye sahihi umekwisha kuchanika, hata sithubutu kumtaja aliyekichora. Wanaume wawili wamekaa kwenye benchi, na kati yao kata ya pombe ya mbege. Mmoja amevaa koti, nalo koti ni weusi mtupu pasipo mshono wala mkunjo, ila ufito mmoja mwembamba mweupe ulioachwa kiwikoni, na huo ndio unaotuambia kwamba mkono umekunjwa na kwamba unainyemelea kata ambayo si zamu yake. Mstari wa mgongo wa mwenzake huanza mwembamba shingoni, hunenepa begani pale nibu ilipokandamizwa, kisha hukatika kabla ya kulifikia benchi. Jicho la mtazamaji ndilo linaloumalizia. Nilikaa mbele ya ukuta ule muda mrefu, nikimstaajabia fundi yule nisiyemjua jina.

Sisi wa Moshi tulikuwa na bahati ya ziada, maana Nairobi ni karibu kwetu kuliko Dar es Salaam, na huko alikuwako Juha Kalulu, mtu wa katuni za Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo, na jarida la Joe lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na Terry Hirst. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, ukakaa umefungwa hadi 1983. Ulipofunguliwa, Joe lilikuwa limekwisha kufa.

Mwitaliano Hugo Pratt, aliyeishi Ethiopia utotoni, alikuwa miaka hiyohiyo akimchora baharia wake Corto Maltese kwa burashi na wino, na hadithi mojawapo aliiweka hapahapa nchini, Rufiji. Leo karatasi zake za asili hupiganiwa katika minada ya Ulaya. Sioni ni kwa mizani gani burashi ya Pratt iwe sanaa na nibu ya Gregory iwe mzaha. Wala nibu ya marehemu Philip Ndunguru, aliyewachora Madenge, Kipepe na Ndumilakuwili katika jarida la Sani la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na ambaye mauti yalimchukua mwaka 1986 angali kijana.

Siku hizi naona vijana wenye nia njema wakizichukua katuni za zama zile na kuzipaka rangi kwa kompyuta ili, wasemavyo, zipendeze. Nawasihi waache. Koti lile la Mbokomu likigeuzwa kahawia, ufito wa kiwikoni hautaonekana tena, na mkono hautakuwa ukiiba chochote.

Mwenye magazeti ya miaka hiyo darini asiyafunike kwa plastiki ya kuyeyushwa wala asiyashike kwa gundi; ayalaze ndani ya kasha mahali pakavu pasipofika jua, mbali na moshi wa jiko, na kila ukurasa aupige picha mzima, pamoja na tarehe yake. Maktaba ya mkoa hapa mjini ingefanya jambo la maana kutenga kabati la kuyapokea, na katika daftari lake jina la mchoraji liandikwe mahali palepale linapoandikwa jina la mtunzi wa kitabu.