Vuli Isiyo na Mvua

Wiki mbili zilizopita nimepokea shairi kutoka Marekani. Mtunzi ni kijana wa hapa Namtumbo niliyemfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, naye tangu Agosti yuko katika chuo kikuu kimoja, kwenye mji mdogo wa kaskazini ya nchi ile. Ni tarbia ya beti saba. Mizani imetimia, vina havikuyumba.

Beti nne za mwanzo ni nzuri kwelikweli. Amefika siku kadhaa kabla ya wenzake, mabweni yangali matupu. Anatembea kutoka maktaba hadi bwalo la chakula asikutane na mtu wa kumwamkia. Na amkutapo, salamu yake hujibiwa kwa tabasamu, na mwenyewe amekwisha kupita. Hapo mtunzi anauliza: kimya hiki ni utulivu, au ni ukiwa? Swali hilo ni la mshairi. Kiswahili kimempa maneno mawili yasiyo sawa, naye ameyatumia kuzipima siku zake.

Ubeti wa tano ukaniudhi. Anasema vuli imeingia, majani ya miti ya chuoni yamekuwa mekundu na yanaanguka.

Wapenzi wa lugha, vuli ni mvua. Ni zile mvua ndogo wanazozijua watu wa Pwani na wa kaskazini kati ya Oktoba na Desemba. Sisi wa Ruvuma hata hiyo hatuna: mvua yetu ni moja, huanza Novemba au Desemba na kutuacha Aprili au Mei. Basi kijana huyu ameazima neno ambalo kwao halina msimu, akalipachika kwenye msimu usio na maana yake. Na aliyemwazimisha ni mimi. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulikariri orodha: masika, kiangazi, vuli, kipupwe, kila jina likikabidhiwa msimu mmoja wa Ulaya, nami nikaiandika orodha ileile ubaoni kwa miaka mingi bila kujiuliza.

Lililonisikitisha zaidi si kosa la kamusi. Ni kwamba neno lile limemziba macho. Mtoto wa Namtumbo anayajua majani mekundu kuliko wengi. Septemba na Oktoba, kabla tone halijaanguka, miombo yetu huchipua majani mapya mekundu kama shaba, na pori zima likaonekana kama linawaka. Kwetu wekundu huo ni wa majani machanga, ni habari ya mvua inayokuja na mashamba ya kutayarishwa. Kule alikosimama, wekundu uleule ni wa majani yanayokufa, na nyuma yake inakuja baridi. Mwezi mmoja, rangi moja, maana mbili zinazopingana! Mshairi angetaka nini tena? Lakini aliandika vuli, akapita.

Nimemkumbuka Wangari Maathai. Mwaka 1960 alikwenda Marekani katika zile safari za wanafunzi alizoziasisi Tom Mboya, ambazo ndege yake ya kwanza, mwaka 1959, ilichukua wanafunzi 81. Alipelekwa Atchison, Kansas, kwenye Chuo cha Mount St. Scholastica cha masista Wabenediktini. (Sisi wa Songea shirika hilo hatuhitaji kuelezwa, Peramiho ipo tangu 1898.) Habari za maisha yake aliziandika kwa Kiingereza, nami simlaumu. Lakini wasomi wengi wa kizazi kile walifanya hivyo, na ndiyo maana leo mwanafunzi akitaka kusimulia siku zake za kwanza ugenini kwa Kiswahili, anakuta ghala halina kitu isipokuwa orodha yangu ya ubaoni.

Ghala hilo halikuwa tupu siku zote. Salim bin Abakari alisafiri Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yakachapwa kwa Kiswahili katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Hakungoja orodha ya mtu.

Najua nitaambiwa kwamba lugha hukua, na kwamba vuli imekwisha kupanuka. Katika taarifa ya hali ya hewa au tafsiri ya haraka, sitagombana na mtu. Ila katika shairi neno huja na harufu yake, na vuli inanukia udongo uliolowa.

Nimemrudishia ubeti wa tano na swali moja: jana asubuhi, ulipotoka bwenini, uliona nini? Hajajibu; nadhani ana mitihani. Wakati tukimngoja, naomba msaada wenu. Mimi mwenyewe nimejaribu “majira ya mpukutiko”, lakini ni mizani tisa na hayaingii katika kipande cha nane. Na yale majani machanga mekundu ya miombo, watu wa Tunduru, Liwale na Tabora mnayaitaje?