Kilichomfunga Babu Sasa Kina Risiti

Niungame mapema: nililipa. Shilingi 12,500 kwa siku mbili, hema juu yao, chakula juu yao, upinde wa kuazima. Tangazo liliahidi "stadi za kale za kuishi porini", na picha yake ilikuwa ya mzungu mwenye ndevu anayepuliza moto. Wiki hiyo msimamizi wangu alikuwa amenirudishia sura ya pili ya tasnifu ikiwa na maoni ya neno moja pembeni, "Kwa hiyo?", nami nilitaka kushika kitu chochote kisichokuwa kompyuta. Tulikuwa watu kumi na wanne nje kidogo ya Nairobi, karibu wote tukiwa na shahada, karibu wote tukiwa na viatu vipya.

Siandiki haya kusema tulitapeliwa. Mwalimu wetu, kijana mchangamfu wa rika letu mwenye kisu kiunoni, alitufundisha mambo ya kweli. Anayeanza asikimbilie upinde mzito; pauni 20 au 25 zinamtosha. Upote uvutwe hadi pembe ya mdomo, pale pale kila mara, maana mkono usiokuwa na kituo kimoja hauna shabaha. Usiuachilie upote bila mshale, kwa sababu nguvu ambayo ingeondoka na mshale hurudi kwenye mti na kuupasua. Mimi niliusahau mkono wa kushoto, upote ukanichapa, nikakaa na alama ya zambarau wiki nzima. Nilifurahi sana. Ndiyo maana nina hasira.

Hasira yenyewe ilianza usiku wa kwanza tulipokuwa tunaota moto. Mwalimu alitusimulia historia ya upinde. Alituambia habari za wapiga mishale wa Kiingereza pale Agincourt mwaka 1415. Akatusimulia meli ya Mary Rose iliyozama mwaka 1545 na kuibuliwa mwaka 1982 ikiwa na pinde zaidi ya mia moja, nyingine zikikadiriwa kuhitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuzivuta. Tukapiga mluzi. Kisha akainua simu yake kutuonyesha picha ya daktari mmoja Mmarekani, Saxton Pope, akasema huyu ndiye baba wa uwindaji wa upinde wa kisasa.

Nilimuuliza, "Naye Pope alifundishwa na nani?"

"Alijifunza mwenyewe, nadhani."

Hapana. Pope alifundishwa na mtu aliyeitwa Ishi. Mwaka 1911 Ishi alitokea kwenye mji wa Oroville, California, akiwa peke yake na ana njaa, mtu wa mwisho wa Wayahi, kabila lililomalizwa na walowezi kwa bunduki. Wataalamu wa anthropolojia walimpeleka San Francisco, akawa anaishi ndani ya jumba la makumbusho. Pope alikuwa daktari wake. Ishi akamwonyesha namna ya kuchonga upinde, kutengeneza mshale, kunyemelea mnyama. Mwaka 1916 Ishi akafa kwa kifua kikuu. Mwaka 1923 Pope akatoa kitabu cha uwindaji wa upinde kilichowafanya Wamarekani wengi waupende mchezo huo. Ipo klabu kubwa huko inayotunza rekodi za wanyama walioangushwa kwa mishale, ilianzishwa mwaka 1961, na imepewa jina la Pope na rafiki yake Young. Ishi hayumo kwenye jina hilo. Hata hilo "Ishi" si jina lake, maana kwa lugha yake ni "mtu" tu. Jina lake halisi hakumtajia yeyote.

Na kuna kipande kinachotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1925 Pope na Young walikuja Tanganyika kuwapiga simba kwa mishale, bunduki zikiwa tayari nyuma yao endapo mambo yangeharibika. Ilikuwa safari ya wawindaji waungwana. Walirudi kwao salama, na mwaka uliofuata Pope akachapisha kitabu kingine.

Weka safari hiyo kando ya hii. Mwaka 1948 sehemu kubwa ya nchi waliyoiwinda Wawaata, ambao majirani waliwaita Wasanye au Waliangulu, ilifanywa mbuga ya Tsavo. Miaka ya 1956 na 1957 serikali ya kikoloni ikaendesha msako mkubwa dhidi ya wawindaji wa ndovu wa upinde. Wanaume wengi wa Kiwaata walifungwa. Pinde zao zilizopimwa zilipita pauni 100, yaani ni za daraja moja na zile za Mary Rose zilizotupigisha mluzi. Ukitoka kwenye kambi yetu ukashika barabara ya Mombasa asubuhi, jua halitui kabla hujafika nchi yao. Mwalimu wetu alikuwa hajawahi kuwasikia. Watu kumi na watatu waliouzunguka ule moto, wote waliomaliza shule za Kenya, nao hawakuwa wamewasikia.

Mimi nilikuwa nimewasikia, na nilinyamaza. Hapo ndipo pananiuma.

Babu yangu, Tsawe, anaishi upande wa Lango Baya, kwenye njia inayotoka Malindi kwenda lango la Sala. Ni Mgiriama, lakini upinde alifundishwa na shemeji yake wa Kiwaata, naye yuko kati ya waliokamatwa mwaka 1957. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nyumbani jambo hili halizungumzwi. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alitulea tukiamini kwamba mzee "aliwahi kukosea". Upinde wake umelala juu ya dari la makuti, umefungwa kwenye gunia, na tulipokuwa watoto tulichapwa kwa kuuliza kuna nini mle. Kwa hiyo wakati mwalimu ananifundisha kuvuta upote kwa shilingi 12,500, nilikuwa na mtu aliyeyajua hayo maishani mwake mwote, ambaye sikuwahi kumuuliza swali hata moja.

Mwezi wa nne nilienda. Nilimweleza kuhusu kambi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulilipa pesa ngapi?"

Nikamwambia.

"Walikupa risiti?"

"Walinitumia kwenye simu, Tsawe."

"Na mimi walinipa karatasi," akasema. "Yangu ilikuwa ya miezi sita."

Najua mtakachosema, kwa sababu nami nilikisema kabla yenu. Ndovu. Ni kweli. Tsawe mwenyewe hajifichi: waliua ndovu, wakala nyama, na pembe wakawauzia wafanyabiashara ambao hakumbuki hata mmoja wao akifungwa. Hajidai kwamba aliishi kwa amani na kila kiumbe. Hayo ni maneno ya kwenye vipeperushi vya watalii. Na sitaki marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977 iondolewe. Nchi imejaa, wanyama wamepungua, na mitego ya waya haichagui mnyama mwenye mimba wala mtoto. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inautaja hata uwindaji wa kitoweo kuwa ni kosa, nami sitamshauri mtu yeyote aende kulijaribu.

Lakini tuwe wakweli kuhusu nani aliwamaliza ndovu wa Tsavo. Mauaji makubwa ya miaka ya 1970 na 1980, yale yaliyotufikisha kwenye kuchoma pembe hadharani mwaka 1989, yalifanywa kwa bunduki, miaka mingi baada ya wapiga mishale kuondolewa. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango upande wa Galana, kwa wazo kwamba Wawaata waishi kwa uwindaji ulio halali na wenye kipimo. Haukudumu. Ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe, na mwaka 2014 serikali ikazindua mradi wa kumwagilia mahindi kwenye eneo la Galana na Kulalu. Ng'ombe walipata nafasi, mahindi yakapata nafasi. Mwenye upinde hakupata.

Kwa hiyo ugomvi wangu si na hifadhi. Ugomvi wangu ni na sisi, kizazi chenye shahada na mikoba ya mgongoni, tunaonunua stadi hizi kana kwamba hazina mwenyewe. Ukizirithi, wewe ni jangili. Ukizinunua, wewe ni mpenda mazingira, tena unapewa cheti. Mikono ni ileile, upote ni uleule.

Tena tunauziwa bidhaa iliyopungua. Kambini tulijaribu kuwasha moto kwa vijiti, na mwalimu akatuelezea vifaa kwa majina ya Kiingereza, akituomba radhi kwamba "kwa Kiswahili hakuna maneno." Yapo! Kitendo ni kupekecha. Kijiti kinachozungushwa ni ulindi. Kibao kinachotobolewa na kutoa kaa ni uwimbombo. Yapo hata katika kamusi za zamani. Kamba ya upinde ni upote, ncha ya mshale ni chembe, mfuko wa mishale ni podo. Lugha haiundi neno la kitu ambacho watu wake hawajakishika. Tulikuwa tumekaa juu ya maneno yetu wenyewe tukiyatafuta kwa tochi ya kuazima.

Ukiacha maneno, kuna elimu. Sumu ya mishale ya pwani na bara yetu hutokana na mti ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa, Arnaud, aliitenga kemikali yake, na jina ililopewa, ouabain, limetokana na Kisomali, waabaayo. Baadaye madaktari waliitumia kutibu moyo. Yaani wazee wetu walijua mti gani unausimamisha moyo, sehemu gani ya mti, na kwamba ukiifunika chembe isipigwe na jua wala mvua, sumu hukaa bila kupoteza nguvu. Sisemi mkaipike. Nasema hiyo ni famasia, na mwenye famasia hiyo hatumwiti mshenzi halafu tukamwita mtaalamu yule aliyeichukua kwake.

Nilidhani Tsawe angeshusha lile gunia siku ya kwanza. Hakulishusha. Alinipa mbuzi. Siku tatu nilitembea nyuma ya mbuzi wake, na kila jioni aliniuliza maswali: yupi anachechemea, alipita kabla ya umande au baada yake, nyayo zake za nyuma zinaangukia wapi. Nilishindwa yote. Siku ya nne alinikalisha chini ya mti karibu na bwawa kutoka alfajiri mpaka jua likawa kali, sharti likiwa moja: nisijikune. Nilijikuna mara tatu, na mara zote tatu alikohoa. Alinifundisha kuachia vumbi kidogo kutoka vidoleni ili nijue upepo unaipeleka wapi harufu yangu. Kambini tulirusha mishale kabla ya chai ya saa nne. Kwa Tsawe, mshale wa kwanza niliurusha siku ya saba, kwenye kigogo cha mgomba, kwa kiupinde alichotengenezewa mtoto wa shangazi, na niliukosa mgomba mzima.

Upinde wake mwenyewe alinionyesha siku ya kuondoka. Nilijaribu kuuvuta. Sikuufikisha hata nusu. Aliniangalia bila kucheka, kisha akaniuliza wa kambini ulikuwa wa mti gani. Nilipomwambia ulikuwa wa plastiki, hapo akacheka mpaka akakaa.

Nilimwomba niuchukue niende nao Nairobi, hata kwa wiki moja. Alikataa, na kwa mara ya kwanza niliona hofu usoni mwa mzee huyu. "Utasema nini wakikusimamisha njiani?" Sikuwa na jibu. Wa kambini husafiri kwenye buti la gari ukiwa na nembo ya duka. Wa kwake, karibu miaka sabini baada ya kifungo chake, hauwezi kupanda basi.

Ninachodai hakihitaji Bunge. Wenye kambi, watafuteni wazee hawa kabla hawajaisha, Wawaata, Wagiriama, Wakamba, muwalipe mshahara wa mwalimu, si posho ya mtumbuizaji wa jioni. Kulenga kigogo cha mgomba si uwindaji. Kusoma nyayo si ujangili. Watajeni kwa majina ya watu wao, kama mnavyowataja Waingereza wa mwaka 1415. Nasi tunaotaka kuanza, tusianzie dukani. Uliza kwanza nyumbani kwenu, hata kama utajibiwa kwamba mzee aliwahi kukosea. Sikumuuliza baba yangu kabla ya kwenda. Nilimwambia baada ya kurudi. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akauliza kama mzee bado ana nguvu za kutembea mpaka bwawani.

Mwezi wa kumi na mbili tunakata mkone, mti ambao Tsawe anautaka kwa upinde wangu. Anasema utakauka kivulini, polepole, na nisitegemee kuuvuta kabla ya mwaka kupita. Nimemwandikia mwalimu wa kambi kumkaribisha. Alijibu siku hiyohiyo, akauliza kama anaweza kuja na kamera. Nilimpelekea Tsawe swali hilo, naye akasema aje na sukari na tumbaku, kamera aiache. Mwalimu amekubali. Sasa Tsawe anataka kujua kama mtu huyo anaweza kukaa bila kusema maneno asubuhi nzima, nami nimemjibu kwamba simjui kiasi hicho.