Barfi ya Idi Hulugho, na Haki ya Mtoto katika Maziwa



Juma hili safu yetu yaelekea Hulugho, katika Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Kwa jamaa zetu Wasomali, sinia ya Idi hupambwa kwa halua na mushabbak, ndiyo jalebi yetu sisi wa pwani. Hivyo vyataka mkono uliozoea, na wengi huvinunua. Lakini kipo kitamutamu cha Kihindi ambacho mji wa wafugaji una nusu yake kabla ya kuwasha jiko, nacho ni barfi. Jina lake latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya theluji, na asili yake ni maziwa.

Chuja lita 2 za maziwa ya ng'ombe yaliyokamwa siku hiyo. Sufuria iwe pana, ili maji yakauke upesi, na yenye kitako kizito, ili yasiungue. Yakisha kuchemka, punguza makaa, ukoroge kwa mwiko wa mti pasi na kuacha, ukikwangua ukoko wa pembeni na kuurudisha ndani. Baada ya saa moja au zaidi huwa donge laini liitwalo mawa, yapata gramu 350. Hapo ndipo utie sukari gramu 120 na iliki iliyosagwa. Ukiitia sukari mapema, maziwa hubadilika rangi na kushika chini. Donge litalegea, kisha litakaza na kuachana na sufuria. Lisawazishe katika sinia iliyopakwa samli, na likipoa ukate vipande 25 hivi. Kwa joto la huko, pasipo friji, zisivuke siku ya pili.

Sasa tuutazame msimu. Idi hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi, hivyo huzunguka majira yote. Ikiangukia mvua za Gu, maziwa huwa tele. Ikiangukia kiangazi cha Jilaal, ng'ombe huwa mbali wakifuata malisho, na maziwa machache yaliyosalia nyumbani ni chakula cha watoto na wazee. Lita 2 ni vikombe 8. Haifai mgeni akirimiwe kwa kikombe kilichotoka mkononi mwa mtoto.

Mwaka kama huo, tengeneza ladu. Kaanga vikombe 2 vya unga wa dengu katika nusu kikombe cha samli, kwa moto mdogo, hadi unukie na kuwa rangi ya dhahabu. Ukiwa vuguvugu, tia kikombe 1 cha sukari iliyosagwa na iliki, ufinyange viduara. Samli iliyowekwa tangu mvua ndiyo akiba ya maziwa ya jana, wala haimpunguzii mtu chakula cha leo.

Mtume wetu (s.a.w.) alipenda vitu vitamu na asali, basi furaha ya Idi haina lawama. Na katika Surat an-Nahl, aya ya 66, Mola wetu anatukumbusha maziwa safi, mepesi kwa wanywao. Neema hiyo tuanze kuigawa kwa aliye mdogo zaidi nyumbani, kisha sinia iende kwa jirani.

Wabillahi tawfiq.